Uliyemwosha ni Nani?

Ungemwuliza mtu wa mtaa wa Malindi, Unguja, wa miaka ile Muhiddin anafanya kazi gani, angekujibu kwa kicheko, "Anauza maneno." Wala hakuwa mwongo. Muhiddin aliajiriwa kutembeza watalii, na mtalii hana anachokipata kwa mtembezaji ila maneno.

Mwaka 1971 watalii hawakuwa wengi Unguja. Meli ilitia nanga mara moja kwa mwezi, pengine isitie kabisa, na wageni walioshuka hawakuachiwa kuzurura watakavyo. Ilikuwa lazima watembezwe kwa kundi. Mbele alikwenda Muhiddin akieleza kwa Kiingereza chake cha skuli, mikono ikipaa hewani. Nyuma alikwenda mwenzake wa ofisi ya serikali, aitwaye Nahodha, ingawa katika maisha yake hajapata kushika usukani wa chombo chochote. Nahodha alikuwa mzito wa maneno na mzito wa miguu, na kazi yake ilikuwa kuhesabu vichwa. Wakishuka kumi na wawili, basi kumi na wawili wapande.

Njia ilikuwa moja tu. Forodhani, Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini, Hamamni, sokoni Darajani, kisha bandarini. Muhiddin aliijua kwa moyo hata mkewe, Mwatima, alikuwa akimtania kwamba anaitembea usingizini. Na chumvi alikuwa nayo tele. Sultani aliyekufa kwa homa, kwa Muhiddin alikufa kwa sumu. Mlango uliochongwa na fundi wa Vuga, kwa Muhiddin ulichongwa na fundi aliyekatwa mkono baadaye asichonge mwengine. Wageni walishika vifua vyao na kusema "Oh!", naye akaridhika. Simlaumu sana, kwa sababu ukweli mtupu hauendi mbali na mgeni aliyetoka kwao kutafuta maajabu. Lakini mtu aliyezoea kupambapamba habari za wafu wa watu husahau kwamba na yeye ana wafu wake, na wa Muhiddin alikuwa mmoja.

Jina lake Hamad. Walikua pamoja, wakasoma chuo kimoja cha Kurani, na Hamad akatangulia kuoa, akamwoa Mwatima. Hamad alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi. Mapinduzi yalipokuja Januari ya mwaka 1964, kila aliyewahi kuvaa nguo za polisi, hata kama silaha yake ilikuwa tarumbeta, alishikwa na hofu. Siku ya tatu Hamad akatoweka. Siku ya kumi na mbili ikaja habari kutoka Chukwani kwamba bahari imetupa maiti ufukweni, na hapana anayemtambua.

Muhiddin ndiye aliyekwenda. Maiti alikuwa na siku nyingi majini na samaki walishamchezea, uso haukuwa uso tena. Lakini ndani ya mfuko wa shati, uliofungwa kifungo, mlikuwa na kofia. Sasa kofia ya Unguja si kitu cha kununua dukani ukafanana na jirani yako. Mke hukaa na sindano miezi mitatu, pengine sita, akatoboa tundu moja moja na kulizungushia uzi, na kila mwenye mkono ana alama yake. Mwatima alama yake ilikuwa nyota ndogo utosini, yenye matundu matano pale wenzake walipotia sita. Mtaa mzima wa Malindi ulikuwa ukimcheka kwa nyota hiyo pungufu. Muhiddin aliigeuza kofia, akaiona nyota, akahesabu matundu. Akalia palepale mchangani.

Hakuwa na shaka hata chembe. Alimwosha yule maiti yeye mwenyewe, kwa kumiminia maji tu kwa jinsi alivyoharibika, akamkafini, akamzika palepale Chukwani. Akarudi mjini akaapa mbele ya kadhi kwamba Hamad bin Salim amekufa na yeye amemzika kwa mikono yake. Hitima ikasomwa. Mwatima akakaa eda miezi minne na siku kumi, na baada ya eda akawa akienda Chukwani kila mwezi kulilia kaburi. Baada ya miaka miwili Muhiddin akamposa. Wapo waliosema rafiki wa kweli hamrithi rafiki, na wapo waliosema rafiki wa kweli ndiye wa kumrithi, na midomo ya watu ikachoka yenyewe. Muhiddin akahamia kwa mkewe, kwa sababu nyumba ilikuwa ya Mwatima, aliyoachiwa na mamaye. Wakamzaa Shemsa, kisha wakamzaa mtoto wa kiume. Hata kufikia mwaka huo wa 1971, kwa kusema kweli, hapakuwa na mtu Malindi aliyempenda mkewe waziwazi kama Muhiddin. Alikuwa akimchukulia maua ya asumini sokoni mchana kweupe, na wanaume wenziwe wakitikisa vichwa.

Basi mwezi wa Agosti ikaja meli, wakashuka kumi na wawili. Kumi na mmoja walikuwa Wazungu. Wa kumi na mbili alikuwa mtu wa rangi ya maji ya kunde, mnene, ndevu kidevu kizima, miwani myeusi, na katika orodha ameandikwa Mansoor wa kisiwa cha Morisi. Muhiddin alimpa mkono, akamkaribisha Zanzibar kwa Kiingereza, yule akaitikia kwa kichwa.

Kitu cha kwanza kilimkera tu. Wakitoka Ngome Kongwe kuingia vichochoroni, yule Mansoor alikuwa akikata kona kabla ya Muhiddin. Muhiddin akinyanyua mkono kusema "Kwa huku," tayari mtu wa Morisi keshageukia huku. Mara ya kwanza alisema ni bahati, na mara ya pili akasema labda ana kitabu cha ramani. Mara ya tatu walifika kwenye upenu mmoja wa Mkunazini ambao kila mgeni aliyepita na Muhiddin alijigonga kichwa, na Muhiddin huwa anangoja wajigonge kidogo ndipo aseme "Angalieni!" kwa sababu huwachekesha wenziwao. Mansoor aliinama hatua mbili kabla, huku anatazama upande mwengine.

Mtu huinamia boriti asiyoiona pale tu alipokwisha kujigonga utotoni. Hata hivyo Muhiddin hakumtambua. Na wewe ungemtambua vipi? Hakuna amtafutaye katika kundi la watalii mtu aliyemtia kaburini.

Wakafika Hamamni. Yale mabafu ya kale yalikwishaachwa kutumika siku nyingi, ndani ni giza na popo, na mtu wa Unguja haingii humo kwa raha maana inajulikana mahodhi makavu ni maskani ya majini. Nahodha alibaki mlangoni kama desturi yake, kapumzisha miguu. Muhiddin akawaingiza wageni, akaanza kuwaeleza maji moto yalipitia wapi. Hapo nyuma ya sikio lake ikaja sauti, kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Malindi.

"Muhiddin. Usigeuke. Endelea kusema."

Alilofikiri Muhiddin kwanza ndilo ambalo angefikiri kila mtoto wa mji huo, akaanza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti. Wageni walidhani ni sehemu ya maelezo, na bibi mmoja akatoa daftari akawa anajaribu kuyaandika.

"Mie si jini, yakhe," ilisema sauti. "Mie Hamad. Hamad wa tarumbeta."

"Hamad nshamzika," alisema Muhiddin akiukabili ukuta.

"Basi umezika mwengine. Miye huyu. Mke wangu hajambo?"

Sina budi kueleza kama yalivyokuwa, kwa hiyo nitasema. Muhiddin alishika ukingo wa hodhi. Miaka saba ilimpita kichwani kwa mara moja: kiapo, hitima, harusi, Shemsa, na mtoto mchanga aliyemwacha asubuhi ile akinyonya. Na swali lilikuwa limesimama linangoja jibu. Mke wangu hajambo? Alilopata kusema ni moja tu.

"Hajambo."

"Nimemwandikia barua tatu hakujibu hata moja, pengine zilizuiwa posta. Nishike mkono Muhiddin, nipitishe pale nyumbani. Nimuulize neno moja, nirudi melini. Nakuomba kwa chumvi tuliyokula."

Hapo Muhiddin aliingiwa na wazo ambalo alilijutia maisha yake yote, na mimi sikulisikia kwa mtu ila kwake mwenyewe. Mlangoni alikuwa amekaa Nahodha. Mtu aliyetoroka nchi, kisha akarudi kwa jina la bandia na pasi ya bandia, hahitaji kuelezwa mara mbili kwa mtu wa ofisi. Neno moja tu, na Hamad angetoweka tena, na safari hii pengine kikweli. Mwatima asingejua. Nyumba ingebaki nyumba. Muhiddin alitoka nje kwenye jua, akamsogelea Nahodha, akafungua kinywa.

"Nahodha."

"Naam."

Nahodha alimtazama kwa macho yake ya usingizi. Muhiddin akaiona sura yake mwenyewe inaondoka kwake, akaogopa kuliko alivyoogopa mle gizani.

"Wageni wanataka kuona mlango wa nakshi Malindi," alisema. "Pale kwangu."

"Haumo katika njia."

"Mama Shemsa kakaanga kalimati."

Nahodha aliifikiria hoja hiyo, akaiona ina uzito. "Kumi na wawili," akasema, akanyanyuka.

Njia nzima kutoka Hamamni mpaka Malindi Muhiddin hakusema lolote la historia. Wageni walimwuliza majengo, akawajibu, "Nyumba. Na hii pia nyumba." Alitaka kumwambia Hamad kabla hawajafika. Kila aliposogea karibu naye, Nahodha alikuwa hapo nyuma akihesabu. Na kusema kweli hata wangekuwa peke yao, angemwanzaje? Rafiki yangu, nimekuosha, nimekuzika, nimekuolea? Usilolijua ni usiku wa kiza, lakini lile unalolijua nawe huna mdomo wa kulisema ni kiza zaidi.

Hakupata kusema, akasemewa. Walipofika tu mlangoni, Shemsa wa miaka minne alitoka mbio barazani, akamkumbatia miguu.

"Baba! Baba umeniletea nini?"

Hamad alikuwa amesimama hatua moja kando, mkono umeugusa mlango. Alimtazama yule mtoto, akaiona pua ya Muhiddin na macho ya Mwatima katika uso mmoja. Mkono wake ukashuka taratibu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, na hakuivaa tena.

Mwatima aliwapokea wageni uani kwa bashasha zake zote. Alitoka na birika ya kahawa na sahani ya kalimati, kanga kajitanda, akaanza kumimina kwa kila mmoja kwa zamu, akiwaambia karibu, karibu. Alipofika kwa wa kumi na mbili akanyanyua macho. Birika haikumwanguka. Msianze kuitilia chumvi habari yangu, hakupiga hata ukelele. Alimtazama muda wa mtu kuvuta pumzi tatu, akaitua birika chini, akaingia chumbani.

Kisha ikasikika sauti yake kutoka ndani.

"Muhiddin!"

Nahodha aliacha kutafuna. Tangu lini Mwatima akamwita mumewe kwa jina lake? Miaka minne ilikuwa ni Baba Shemsa, na mke wa Kiunguja hatamki jina la mumewe hovyo hata akiungua moto. Muhiddin aliingia ndani amelowa jasho.

"Nani yule?"

"Mtalii."

"Muhiddin, nakuuliza mara ya mwisho. Nani yule?"

"Hamad."

Mwatima alikaa chini sakafuni. Hakukaa kitandani, hakukaa mkekani, alikaa palepale alipokuwa amesimama. Alimwangalia Muhiddin kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Uliyemwosha ni nani?"

Swali hilo halikuwa limempitikia Muhiddin tangu Hamamni mpaka pale. Alishughulika na nyumba yake, na wanawe, na kiapo chake, na wala hakufikiri kwamba palikuwa na mtu katika ile sanda.

Uani Hamad aliuliza kwa Kiingereza choo kiko wapi. Nahodha, aliyekwishafika kalimati ya tisa, akamwonyesha mlango kwa kidole. Hivyo ndivyo Hamad alivyoingia chumbani mwake mwenyewe.

Wakawa watatu chumbani. Hakuna aliyejua salamu gani ya kutoa. Hamad ndiye aliyeanza.

"Kofia yangu ndiyo iliyowadanganya?"

"Ilikuwa mfukoni mwake," alisema Muhiddin. "Nyota ya matundu matano."

"Nilimpa mwenzangu, jina lake Mmanga," alisema Hamad. "Kijana wa Uroa. Tuliondoka na ngalawa mbili, akawa kichwa wazi, ameipoteza yake njiani, anaona haya kusafiri hivyo mbele ya watu wazima. Nikampa, na upepo ulipozidi akaitia mfukoni. Ngalawa yetu ilifika, yao sijaisikia tena." Akachutama mbele ya Mwatima. "Mwatima, nilikuja kukuuliza neno moja. Nilikuja kukuuliza unifuate, au nikupe talaka yako. Nimeoa huko niliko, sikuficha. Niliona vibaya kukuning'iniza miaka yote. Kumbe hukuning'inia."

"Nilikulilia," alisema Mwatima. "Miaka miwili nilikwenda Chukwani kwa miguu yangu. Usinambie sikuning'inia."

"Nisamehe."

"Toa talaka."

Hamad aliitoa. Aliitamka wazi, akimtaja Mwatima na jina la babake, na Muhiddin, kwa kuwa hapakuwa na mwengine, akawa shahidi. Huko nje bibi mmoja wa Kizungu alikuwa akimfundisha Shemsa kuhesabu kwa Kiingereza.

Muhiddin alishusha pumzi. Masikini, alidhani yamekwisha. Mwatima alimgeukia.

"Na wewe huna hata talaka ya kunipa," alisema. "Mwanamke haolewi na waume wawili. Miaka mitano nimelala na mtu si mume wangu, na wewe ndiye uliyeapa. Chukua wageni wako utoke. Na jioni usirudi hapa."

"Mama Shemsa..."

"Toka, Muhiddin. Kabla sijalia mbele ya watu."

Katika muda wa kikombe kimoja cha kahawa mtu alipoteza mke. Muhiddin aliwaongoza watalii wake mpaka bandarini, na wao wakampigia makofi na kumwambia hawajapata kuona ukarimu kama ule. Nahodha alihesabu kumi na wawili. Hamad alipopanda ngazi ya meli hakuangalia nyuma, na Muhiddin hakumpungia mkono, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuonana.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalim Usi, aliyewasomesha chuoni yeye na Hamad.

"Shikamoo Mwalim."

"Marahaba. Mbona mweupe hivyo, umeonana na maiti?"

"Naam," alisema Muhiddin, akalia.

Mwalim Usi alisikiliza yote, akashika tasbihi asiihesabu. Kisha akamweleza. Ndoa yenu haikuwa ndoa, lakini mliingia kwa nia safi, kwa hiyo watoto ni wako na dhambi hapana. Yeye sasa akae eda ya talaka. Eda ikisha, yuko huru, na wewe ukimtaka, mpose kama anavyoposa mtu yeyote. Akitaka atakubali, asipotaka hana deni kwako.

"Na wa kaburini, Mwalim? Kama alikuwa na mke?"

"Eda ya mfiwa yaanza siku alipokufa mume, si siku alipopata habari. Ya huyo ilikwisha zamani." Mwalim Usi akamtazama. "Lakini hilo hukuniuliza kwa ajili yake. Umeniuliza kwa ajili ya Mwatima, ili akurudie."

Muhiddin alihamia kwa dadake, Vikokotoni. Habari ya Hamad haikuweza kusemwa kwa mtu, hivyo mji ukajisemea yake. Wakasema Muhiddin amempa mkewe talaka kwa sababu ya mwanamke wa Ng'ambo. Wakasema Mwatima amemfukuza kwa sababu ya kitoto cha Kizungu kitakachozaliwa Ulaya. Mwatima alifunga mlango, akakaa eda, na hakumtetea wala kumchongea. Kila meli ilipokuja Muhiddin alitembeza wageni wake kama kawaida, ila chumvi ilimwisha. Sultani akafa kwa homa tu. Wageni wakawa wanapiga miayo, na ofisini wakamwuliza kama anaumwa.

Eda ilipokwisha akapeleka wazee na posa. Wazee walirudi na jibu fupi. Mwatima amesema hatozungumza habari ya ndoa na mtu yeyote mpaka aliyeko Chukwani ajulikane kwao. Wazee hawakuelewa hata neno. Muhiddin alielewa, na uso ulimwiva kwa haya, kwa kuwa miezi mitatu na zaidi alikuwa akijua jina na mji, na hakwenda.

Kesho yake alipanda gari ya mbao mpaka Uroa. Alipouliza kwao Mmanga, wavuvi waliacha nyavu wakamwonyesha kibanda cha makuti kilicho peke yake. Alipiga hodi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkono umejaa kamba za usumba alizokuwa akisokota, alitoka, na kabla hajaitika hodi akauliza, "Umekuja na habari?"

Jina lake Sichana. Baadaye watu wa Uroa walimwambia Muhiddin kwamba kila mgeni kutoka mjini anamwuliza hivyo, bwana shamba, mganga, hata mchuuzi wa vyungu. Muhiddin, mtu aliyeishi kwa maneno, alitafuta namna ya kulipamba lile jambo akaikosa. Alilisema lilivyo. Alisema ameapa kwa jina la mtu mwengine, amekosea.

Sichana alimsikiliza amesimama wima.

"Nani alimwosha?"

"Mimi."

"Ulimwosha vizuri?"

"Nilimwosha nikijua ni ndugu yangu."

Sichana alitikisa kichwa mara mbili. Aliweka kamba chini, akafunga kibanda, akajitanda kanga nyengine. "Nipeleke," alisema.

Muhiddin alikuwa amempelekea Mwatima salamu kupitia kwa dadake kwamba anakwenda Uroa na atapita Chukwani akirudi. Hakutegemea kitu. Lakini walipofika makaburini alasiri, Mwatima alikuwa amekaa pembeni ya lile kaburi, Shemsa pajani, mahali palepale alipokuwa akikaa miaka ile. Walisoma fatiha wote. Kisha wanawake wawili wakatazamana, na Muhiddin aliona ni bora awe kimya kwa mara moja katika umri wake.

"Nimemlilia mumeo miaka miwili," alisema Mwatima. "Sikumjua, lakini nilimlilia kwa haki. Hakukosa mtu wa kumlilia."

"Ahsante, dada," alisema Sichana. "Mie sijamlilia. Kumlilia aliye hai ni uchuro."

Akapiga magoti, akafuta majani makavu juu ya kaburi kwa kiganja. Aliuliza bila ya kugeuka, "Eda yangu naianza leo?"

Muhiddin alimweleza kama Mwalim Usi alivyosema, kwamba eda yaanza siku ya kufa, kwa hiyo yake ilimalizika katikati ya mwaka 1964, na kwa sheria hadaiwi hata siku moja.

Mkono wa Sichana ulisita juu ya mchanga. Akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi bila ya kosa.

"Wameniposa watu wanne," alisema. "Mmoja nilimtaka. Nikasema, mie mke wa mtu. Kumbe nilikuwa huru. Miaka saba nilikuwa huru, na hapana aliyenambia."

Hapo ndipo Muhiddin alipojua ukubwa wa alichokifanya, si siku ya Hamamni, si siku aliyofukuzwa. Mwatima alimsimamisha Sichana, akamkung'uta mchanga magotini, akamshika mkono, akamwambia usiku huu atalala kwake Malindi na kesho watamsomea Mmanga hitima kwa jina lake. Wakaondoka wakiongozana, Shemsa nyuma yao.

Walipofika njiani Mwatima alisimama, mkono wa Sichana bado mkononi mwake. Hakugeuka.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa," alisema. "Na mahari wasilete. Nshapokea."